Mwenye Bucha na Sungura Asiyeliwa

Marehemu Mama Mdogo alikuwa fundi cherehani, na hakuna anayekumbuka kumwona ameketi mikono mitupu. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia ukutani, na sare za shule zilining'inia kwenye kamba zikingoja vifungo. Chini ya meza ya kukatia, pale ambapo mafundi wengine hutupia gunia la vitambaa, yeye aliweka sungura.

Hakuwa mfugaji. Hakuuza sungura hata mmoja wala hakula. Aliwatoa kwenye kituo cha kuokoa wanyama kilichokuwa nyuma ya soko, ambako watu waliwaleta sungura waliookotwa kwenye mitaro na maboksi ya takataka. Wazuri walipata wa kuwachukua haraka. Waliobaki ni wale ambao mtu huwatupia jicho mara moja tu na kusema, "Huyu hapana": vipofu, wazee, wenye shingo zilizopinda. Hao daktari wa kituo aliwatafutia nyumba za kulelewa mpaka siku yao ya mwisho. Mlezi alitoa nafasi na mikono yake. Mtu mwingine, mfadhili, alilipia nyasi kavu na matibabu.

Mama Mdogo aliianza kazi hiyo baada ya kufiwa na mumewe. Mungu alikuwa amemwachia nyumba yenye nafasi na mikono yenye nguvu, na yeye hakuona sababu ya kumrudishia vyote viwili bila kutumika.

Siku moja daktari alimpigia simu.

"Mama, nina dume moja hapa, tunamwita Bondia. Sitakudanganya. Anapiga ngumi, anauma, na meno yake yanakua ovyo, lazima yakatwe kila mara. Nyumba zote nilizompeleka zimemrudisha."

"Na akikosa nyumba safari hii?"

Daktari alinyamaza. Mama Mdogo aliijua sindano ya kuua iliyokuwa ndani ya kimya kile.

"Mlete," akasema.

"Ana hasira sana, mama."

"Mwanangu, mimi nimeishi na dereva wa lori ndoa nzima. Hasira nazijua kwa sura na kwa sauti. Mlete."

Bondia akaja, kijivu, sikio moja limechanika, akamuuma kidole kabla hata hajatoka kwenye boksi. Mama Mdogo akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akaahidi mbele ya Mungu kwamba huyu hatarudishwa tena popote.

Ikabaki kumpata mfadhili. Wanakwaya wenzake wa kanisani walikwisha kugawana gharama za sungura wengine, kwa hiyo akavuka barabara mpaka kwa mwenye bucha, jibaba moja ambalo mtaa mzima uliliita Shoka. Mama Mdogo ndiye aliyemshonea aproni zake. Alijiandaa kubembeleza, lakini Shoka alikubali papo hapo.

"Kumlisha tu? Hilo dogo, mama. Mnyama ale ashibe."

Mama Mdogo akamshukuru Mungu, akaondoka bila kuuliza zaidi. Hapo ndipo alipokosea. Mtaani kwao, asiye na uwanja humwachia jirani mnyama wake, analipia chakula, kisha akinona anakuja kumchukua. Kila nyumba ilishawahi kufuga mbuzi au kuku kwa mtindo huo. Mama Mdogo alikuwa amekaa na watu wa kituo mpaka akasahau kwamba kuna mtindo mwingine. Shoka naye alikuwa hajawahi kusikia mwingine zaidi ya huo.

Alilipa kila mwezi bila kukumbushwa. Mwaka ulipokwisha, Ijumaa moja alasiri, akapiga hodi. Kwapani alikuwa na beseni, na mkononi kisu kilichozungushiwa gazeti.

"Karibu, Shoka. Aproni bado, rudi Jumatatu."

"Sikufuata aproni. Nimemfuata mtu wangu."

"Mtu wako nani?"

"Bondia! Kesho wakwe zangu wanakuja. Mwaka mzima namlisha, lazima sasa hivi ni mafuta matupu."

Mguu wa Mama Mdogo ukasimama juu ya pedeli. Akalitazama beseni, akamtazama mwenye beseni, akaelewa yote kwa mara moja. Mtu mwingine angepiga yowe. Yeye alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati la shule.

"Shoka, keti. Hatukuelewana tangu siku ya kwanza."

Akamweleza. Jinsi alivyoendelea kueleza ndivyo nyusi za Shoka zilivyozidi kupanda.

"Yaani natoa hela yangu ili sungura azeeke?"

"Azeeke, aumwe, afe usingizini."

"Na mimi napata nini?"

"Hupati kitu."

"Mama! Watu wakisikia je? Muuza nyama analea sungura! Watanicheka mpaka mizani yangu icheke."

Mama Mdogo alijua mahali alipobanwa. Kwa macho ya mtaa, mnyama ni wa anayemlisha, na hakuna jirani ambaye angemlaumu Shoka. Shoka akiacha kulipa, meno hayatakatwa, Bondia atashindwa kula, na daktari atarudi kwenye ile sindano. Lakini kupiga magoti mbele ya mwenye kisu hakukuwa kwenye tabia yake.

"Haya, mchukue," akasema. "Mtoe mwenyewe."

Shoka akainama chini ya meza. Kukasikika mngurumo, kishindo cha ngumi mbili, na tusi ambalo Mama Mdogo alijifanya hakulisikia. Shoka akaibuka na damu kwenye kidole gumba.

"Huyu ana wazimu!"

"Ana jina lake."

Akainama tena, na safari hii akamshika kama mtu wa kazi, mkono mmoja mabegani na mwingine chini ya matako. Akamwinua, vidole vyake vikapita mgongoni kwa mazoea, kisha vikapanda mpaka kwenye taya. Vikasimama.

"Huyu hana nyama. Mifupa mitupu. Na hapa pamevimba."

"Ni jino. Jumanne daktari atalikata, kwa hela yako."

Bondia, baada ya kumaliza ngumi zake, alikuwa anahema haraka haraka kifuani pa Shoka.

"Unajua, mama," akasema polepole, "wote wanaoletwa kwangu nawashika hivi hivi. Hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani."

"Basi huyu mrudishe. Nyumba yake hii hapa."

Akamrudisha chini ya meza, akachukua beseni lake tupu, akaondoka bila kuaga wala kusema kama atalipa tena.

Usiku ule Mama Mdogo alisali. Asubuhi akavaa viatu, maana hakuwa mtu wa kumwachia Mungu kazi ambayo miguu yake ingeweza kuifanya. Alikuta bucha imejaa wateja.

"Nusu kilo, baba, yenye mifupa kidogo," akasema kwa sauti ya kwaya. "Na Bondia anakusalimia."

"Bondia nani?" akauliza mteja mmoja.

Kisu cha Shoka kikasimama hewani. Mama Mdogo hakumsaidia hata kwa kukohoa.

"Sungura wangu," Shoka akasema hatimaye.

"Unamnonesha?"

"Namtibu. Ana jino bovu."

Bucha nzima ikalipuka kwa kicheko. "Muuza nyama anatibu sungura! Kesho utatuuzia mchicha!"

"Na wewe utaununua," Shoka akajibu, akishusha kisu, "maana nyama yenyewe unakopa."

Kicheko kikageuka upande wa mteja yule. Shoka akafunga nusu kilo ya Mama Mdogo, akaongeza kipande, na kabla mama hajaondoka akamwita: "Jumanne saa ngapi?"

Toka siku hiyo alimpeleka Bondia kwa daktari yeye mwenyewe, kwenye kikapu cha baiskeli, na ole wake mteja aliyesahau kuulizia hali ya mgonjwa.

Bwana alimchukua Mama Mdogo mwaka huu, moyo wake ukasimama akiwa kitandani. Baada ya maziko, ndugu walikaa kwenye chumba cha kazi wakiulizana sungura waende wapi. Dada yake, Mama Mkubwa, alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, na Bondia alikuwa anamwogopesha kuliko mbwa. Shoka akaingia na mzigo wa nyasi kavu begani.

"Bondia haendi popote," akasema. "Mfadhili nipo. Nyumbani humu anabaki nani?"

"Mimi," akasema Mama Mkubwa.

"Basi mlezi ni wewe, mama."

"Mimi? Huyo si atanila!"

Shoka akatoa mfukoni glavu yake ya nyuzi za chuma, ile ya kukatia nyama, akamvalisha mkononi kidole kwa kidole.

"Peleka polepole. Usimpitie usoni, hapendi dharau."

"Kwa jina la Baba, na la Mwana," akasema Mama Mkubwa, akapiga magoti na kuingiza mkono chini ya meza.