Nafasi ya Chini

Mimi siwezi kukaa katika chumba kilichofungwa madirisha. Kanisani nakaa karibu na mlango. Nikienda kwa watu nainuka-inuka hadi mwenye nyumba ananionyesha choo kilipo. Acha wacheke.

Papa alikuwa na sere, nyumba ya plastiki ya kulimia nyanya, kwenye njia ya Munigi. Aliijenga ndani ya bonde dogo kati ya mawe ya volkano, kwa sababu udongo wote ulikuwa umekusanyika humo. Paani aliacha upenyo mrefu, na chini, pande mbili, akaacha nafasi za kufika gotini: moja inatazama ziwa, nyingine mlima. Majirani walimcheka eti muzee kajenga nyumba akasahau kuta. Yeye akawajibu, "Joto itoke kwa juu, mazuku itoke kwa chini. Upepo ipate njia, basi." Mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya kwetu na kutuama mabondeni. Huioni, na mbuzi akiinamisha kichwa humo hainuki tena.

Volkano ilipolipuka tulikimbia, tukarudi, na ardhi ilikuwa ingali inatikisika. Majivu yalidondoka kila siku, na upepo uliyaingiza ndani kwa zile nafasi za chini. Nilipoona miche ya Papa inageuka kijivu, roho iliniuma. Jioni nikashusha plastiki pande zote mbili, nikaikandamiza kwa mawe. Sikumwambia. Nilijua angebisha, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana.

Asubuhi alinitangulia kumwagilia. Nilipofika nilimwona kupitia plastiki, amelala kifudifudi kati ya mistari, mkono bado umeshika mche. Mama weee! Nilitaka kuingia, mama jirani akanikamata kitenge. "Utakufa na wewe! Pasua kwanza!"

Nikachukua panga, nikapasua upande wa ziwa. Wapi! Hakuna jani lililotikisika. Nikazunguka mbio, nikapasua upande wa mlima, huku nikiupigia upepo kelele kama mtu anayegombana na dereva: njoo basi, unangoja nini? Plastiki ikaanza kupigapiga. Nikabana pumzi, nikaingia, nikamvuta kwa miguu hadi juu ya mawe.

Alikohoa muda mrefu. Kisha akafumbua macho, akaiangalia sere yake.

"Ni nani alipasua plastiki yangu?"

"Ni mimi, Papa."

Akanishika mkono. "Aksanti, mutoto wangu."

Miaka yote aliyobakiza, hadi moyo wake ulipochoka, alimsimulia kila mgeni jinsi nilivyomwokoa. Nami kila mara nilitoka nje, nikisingizia moshi wa jikoni. Hakuniuliza hata siku moja nani alifunga. Sijui kama hakufikiri, au alinihurumia, na kutojua huko ndiko kunakonisimamisha kila ninapokaa.

Waasi walipokaribia mji, mabomu yakilia upande wa Kanyaruchinya, familia nzima ilijifungia, ikalala sakafuni. Joto, jasho, watoto wanalia. Nikatambaa hadi dirishani, nikalifungua kidogo.

"Una wazimu?" dada yangu akafoka. "Funga!"

"Nilishafunga siku moja," nikamwambia, na hapo hapo sakafuni, kwa mara ya kwanza, nikamweleza ni nani aliyeyaweka yale mawe.