Mwanza Kusini, Ambako Behewa Hupanda Meli

Nilikwenda Mwanza kwa sababu nilimwita baba yangu mwongo mbele ya watu, naye akafa kabla sijajua kama nilikosea. Baba alifanya kazi reli ya ziwani, huko Mwanza. Aliporudi kwetu Mwika alisimulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, kwamba kule behewa huingia ndani ya meli, na meli huinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Watu walicheka. Mimi, kijana niliyesoma hadi darasa la nne na kwisha kuezeka nyumba ya bati kwa jasho langu, nikasimama: "Mzee, acha uongo, unatutia aibu!" Hakusimulia tena mpaka tunamzika.

Alfajiri niliondoka Moshi kwa basi na mkungu wa mchare, ndizi zetu za kupika. Mchana Singida. Usiku Mwanza, nikalala gesti.

Asubuhi nilifika Mwanza Kusini kwa Mzee Makoye, mstaafu wa reli niliyeelekezwa na jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mchagga! Umekuja kutuuzia ndizi?"

"Za kwako hizo. Pika."

"Za bure? Basi dunia inaisha."

Njiani akanieleza. Zamani reli iliishia pale majini, na mizigo ilishushwa kwa mabega, gunia kwa gunia, hadi melini. Baadaye wakubwa wakaona ni ujinga kushusha. Behewa lenyewe livuke mpaka Uganda na Kenya. Likajengwa daraja la chuma linalopanda na kushuka pamoja na maji, ikaletwa meli yenye reli tumboni.

Saa nne meli ilikuwa imefungua mdomo gatini. Injini ikasukuma mabehewa kwa nyuma, polepole, chuma kikilia. La kwanza likapita juu ya maji, likamezwa. Nikaona kwa macho yangu ule mlima wa chuma ukiinama upande mmoja. Nimepanda Kilimanjaro mara nyingi na mizigo ya wazungu kichwani, sijawahi kujiona mdogo vile.

"Inazama!" nikapiga kelele.

"Tulia, bwana. Sasa wataingiza upande wa pili, ikae sawa. Wewe hukuambiwa?"

"Niliambiwa," nikasema. Nikakaa chini kwenye kokoto, na uzee wangu wote.

Siku ya pili yake nilirudi nyumbani. Niliyojifunza ni haya: nilidhani kisichofika Mwika hakipo duniani, na kiburi hicho nikakiita akili.

Jumamosi nikakata isale, lile jani ambalo Mchagga akiletewa na aliyemkosea hawezi kukataa kusamehe. Waliocheka wamebaki wawili, nikawaita wote. Tukaenda mgombani kwenye kaburi la baba. Mchungaji alipita njiani, akaona, akaenda zake.

Nikaweka isale juu ya saruji, nikasema kwa sauti ileile niliyomtukania:

"Baba, nimeiona. Nisamehe."

Wale wawili wakavua kofia.