Pete ya Bibi na Uzi wa Nesi

Sogea karibu, msomaji wangu, nikusimulie. Kila ninaposikia harufu ya sabuni ya mche iliyolowa, kidole changu cha kati hujikunja chenyewe, kana kwamba kinaficha kitu.

Nilikuwa na miaka minane, huko Mambrui, miaka ya themanini. Mimi na binamu yangu Rukia tulikuwa tukitwanga mpunga kwa kupokezana. Nikatia mkono kinuni kuokota kijiwe, na mchi wake ukashuka. Kidole hicho kilikuwa na pete ya fedha aliyonivika Bibi, yenye maandishi ya dua ya kunikinga na husuda. Alikuwa ameniusia nisiivue hata kwa kuoga.

Bibi aliponifikisha kesualti, chumba cha dharura cha hospitali ya Malindi, kidole kilikuwa kimeiva kama zambarau na pete imezama nyamani. Nesi akakiinamia.

"Shikamoo, bibi. Pete hii ni ya fedha?"

Nami nikajua: anaitaka.

"Marahaba. Ni ya fedha, kwani?"

"Lazima itoke."

"Itoke iende wapi? Kilichoumia ni kidole, mwanangu. Pete ni nzima."

Nesi akapaka sabuni, akavuta. Nikapiga ukelele, pete haikusogea. Ndipo akatoa uzi mrefu, akapitisha ncha chini ya pete, akaukazia kidoleni duru baada ya duru. Nikakumbuka nyuzi wanazofunga waganga, nikaanza kusoma Kulhuwallahu kimoyomoyo.

"Bibi, mbona wanikodolea hivyo? Siibi, wala silogi."

"Natazama tu. Macho ni yangu."

Nesi akaishika ile ncha iliyopita chini ya pete, akaufungua uzi taratibu, na pete ikapanda juu ya uzi, ikamdondokea kiganjani. Bibi akanyoosha mkono: "Lete." Akaisoma dua yote, herufi kwa herufi, kuhakikisha haikubadilishwa, kisha akaifunga kwenye pindo la leso.

Kwa miaka mingi niliamini kilichoiokoa pete ni macho ya Bibi. Nilikuwa mtu mzima nilipomsindikiza jirani aliyepondwa mkono, nikamwona daktari akiikata pete yake kwa msumeno mdogo. Damu haina njia chini ya pete, akanieleza. Ikibaki, kidole hufa. Fedha hukatika upesi. Basi lile swali la nesi halikuwa la tamaa: alikuwa akipima kama ataikata, kisha akatuhurumia, akahangaika na uzi.

Nawe, mkono wa mtu ukiumia, mvue pete zote papo hapo, kabla haujavimba, ndipo umpeleke hospitali.