Gari Lisilozimwa

Mume wangu aliponunua gari alilitumia kiutu uzima kwa miezi minne, kisha akili ikamhama. Lilikuwa gari dogo la kawaida, la kubebea watoto na ndizi, na mara mojamoja misumari ya duka letu pale Kayanga. Akaanza kuliharibu kwa makusudi. Alitoa ekzosi iliyokuja nalo, nzima kabisa, akafunga bomba pana kama ndoo. Akaagiza eya klina ya kuchujia hewa, ya wazi, isiyo na kifuniko, na plagi alizoambiwa ni za magari ya mashindano. Mashindano yapi, sikuambiwa. Kutoka nyumbani hadi dukani ni dakika sita, na njiani kuna matuta manne.

Wazo aliliokota kwa wafanyabiashara wenzake waliotoka Bukoba na Muleba, ambao jioni hukaa mbele ya bia na kubishana gari la nani linapanda vilima vya Rugu bila kuhema. Wote wana vitambi. Sijawahi kumwona hata mmoja wao akiwahi mahali. Debe tupu haliachi kuvuma, na mume wangu alikuwa ametafuta fundi amfungie debe lake nyuma ya gari, kijiji kizima kilisikie.

Gari lenyewe lilikataa. Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, na silensa, ule mzunguko wa injini, ikawa inapanda na kushuka: limesimama, hakuna aliyegusa mafuta, lakini linanguruma, linanyong'onyea, linanguruma tena. Ningemwacha nalo mpaka aone aibu. Bahati mbaya, Jumamosi ile gari lilikuwa na kazi yangu mimi.

Baba yangu hakuwahi kukanyaga nyumbani kwangu. Ni Mnyambo, mkulima wa ndizi na kahawa huko Kyerwa, mbele kidogo ya Nkwenda, Mkatoliki asiyekosa misa, na mimi niliolewa na Mlutheri wa Muleba anayeuza mabati. Mahari aliipokea, harusini hakuja. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nakwenda mimi kwake. Sasa mwanangu wa kwanza alikuwa anapata kipaimara Jumapili, nikaenda nikampigia magoti. Baba alitafuna punje zake za kahawa mpaka zikaisha mdomoni, ndipo akasema, "Njooni mnichukue." Nililia njia nzima wakati wa kurudi. Nilichotaka ni kimoja tu: mzee aketi sebuleni kwangu, ale chakula nilichokipika mimi, watu wamwone.

Kwa hiyo Ijumaa tulilipeleka gari kwa fundi wa umeme mwenye kompyuta ya kubeba mkononi. Kompyuta ile ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Aliichomeka chini ya usukani, akakunja uso, akatueleza kwamba gari nalo lina kompyuta yake, na hiyo bado inakumbuka pumzi za ekzosi ya zamani. Lazima isahaulishwe, kisha ijifunze upya. Akachomoa waya wa betri, akaenda kunywa chai, akarudi akaurudishia. Akawasha, akatukataza kugusa mafuta, feni wala redio kwa robo saa. Gari likatulia kweli. Hapo akavimba kichwa, akatoa masharti.

"Kesho muwashe asubuhi, liende safari moja ndefu, na lisizimwe mpaka mrudi. Mkilizima njiani linasahau yote, linaanza moja."

Mume wangu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliye kanisani. Nami niliamini, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Mganga wa kienyeji angenipa sharti kama hilo ningemcheka usoni.

Jumamosi tukaondoka. Mpaka Omurushaka hakukuwa na neno. Tulipoiacha njia kuu tukaingia kwenye vumbi, wazee wakaanza kutokea kando ya barabara. Kwetu mzee hasalimiwi kupitia dirishani huku injini ikiwa inanguruma. Unasimama, unazima, unashuka, unatoa shikamoo, unaulizwa watoto, unauliza migomba, ndipo unaaga. Mume wangu, kwa kuwa ni mtu wa kuja, huifuata adabu hiyo kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Alipomwona mzee wa kwanza akakanyaga breki, akazima.

"Fundi alisemaje?" nikamuuliza.

"Sasa nimsalimie mzee na hili bomba? Hata marahaba yake sitaisikia."

Bomba alilinunua nani? Akashuka, akatoa shikamoo. Mzee aliitikia, akalizunguka gari, akauliza huo mtungi wa nyuma ni wa nini, na mume wangu akamweleza kwa furaha isiyo na haya. Kwa mzee wa pili ikawa hivyohivyo. Mwacheni mtu asiyejua kitu akutane na mtu anayemuuliza swali. Nilikaa mle ndani, kitenge changu kipya kikipata vumbi, nikimdharau kwa moyo wangu wote.

Kwa mzee wa tatu gari likagoma kuwaka. Lilikohoa, likanyamaza. Mume wangu akafungua boneti, akatikisa kila alichokiona, na baada ya muda mrefu likawaka, silensa ikiyumba vilevile. Niliona fundi alisema kweli: limesahau. Miezi kadhaa baadaye fundi mwingine, wa Bukoba, alinicheka mpaka akafuta machozi. Ile robo saa ya Ijumaa ilitosha, akasema. Kompyuta ikishajifunza haijali ukizima hata mara mia. Kilichotusumbua ni kichwa cha betri, ambacho yule bwana aliyekwenda kunywa chai hakukikaza. Lakini siku ile nilikuwa na hekima ya mtu mwenye kompyuta.

"Hatusimami tena," nikamwambia mume wangu. "Ni honi na mkono tu, mpaka kwa baba."

"Watatuonaje?"

"Wewe ulifunga bomba la ndoo ukiwa na akili zako, leo ndio unajali watatuonaje?"

Akatia gia. Tuliwapita wawili hivyo, na kila mara alipiga honi fupi kama mtu anayeomba radhi. Tulipokaribia njia ya kuingilia kibanja cha baba, nyumba na migomba yake, mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya barabara: kanzu nyeupe, koti juu yake, fimbo mkononi, na miguuni kifurushi kilichofungwa kwa majani ya migomba. Alikuwa baba yangu mkubwa, kaka mkubwa wa baba. Alituona kwa mbali akainua fimbo. Mume wangu akalegeza mguu.

"Mama, ni baba mkubwa."

"Namwona. Kanyaga."

"Anatusimamisha."

"Tutamsalimia tukirudi, gari likishajifunza. Kanyaga, nimesema."

Akakanyaga. Kwenye kioo nilimwona mzee akigeuza uso kukwepa vumbi, fimbo bado iko juu.

Baba alikuwa amesimama uani, amevaa koti la harusi za watu, kofia mkononi, viatu vimepakwa rangi. Sijui alianza kujiandaa saa ngapi. Mume wangu aliacha gari likinguruma, akaenda akachuchumaa mbele yake. Ilibidi arudie shikamoo mara mbili kwa sababu ya ile kelele. Baba akaitikia, akamshika bega, akamwita mkwe. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Kisha akaja hadi garini, akainama, akatazama kiti cha nyuma.

"Kaka yuko wapi?" akaniuliza. "Nimemtanguliza barabarani tangu asubuhi, ili msihangaike kumfuata kwake."

Mzee haingii kwa mkwe mara ya kwanza akiwa peke yake. Huenda na mkubwa wake, na mkubwa ndiye anayetangulia mlangoni na kupokewa. Baba hakuniambia atakuja naye kwa sababu hilo mtu haambiwi. Mtu wa Muleba angeweza kusingizia ugeni. Mimi nimezaliwa katika kibanja kile.

Mume wangu hakungoja maelezo. Alirudi barabarani mbio, kwa miguu, na kitambi chake na viatu vyake vya kanisani. Na mimi nilikuwa wapi? Nilibaki garini naichunga silensa isishuke, kwa maana nilijiambia kwamba likizimika pale baba hatasafiri. Baba alisimama kando ya dirisha asiseme kitu. Nisingemsikia hata kama angesema.

Mume wangu alirudi peke yake, suruali ina vumbi magotini. "Nimemkuta amesharudi kwake," akamwambia baba. "Nimemwomba sana. Anasema hana kinyongo, ila tuendelee tu na safari yetu, maana ameona tuna haraka."

Baba alivua koti. Alilikunja taratibu, akaliweka mkononi pamoja na kofia. Hapo ndipo nikashuka, nikapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Tata, nisamehe. Kosa ni langu, si lake. Twende hivyohivyo, mjukuu wako anakungoja."

"Na mlangoni kwenu nitatanguliwa na nani?" akauliza. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alinitazama kidogo, akalitazama gari, akaniinua kwa mkono.

"Nenda, mwanangu. Lisije likazimika."

Akaingia ndani. Mume wangu aliinama dirishani, akageuza ufunguo, akalizima, na kwa mara ya kwanza siku ile tukaweza kusikia kitu. Alikuwa ni baba, akisukuma komeo la mlango.