Shusha Kizimba

Usiku ule nililala ndani ya gari, chini ya kizimba nilichokichomelea mwenyewe. Kilikuwa cha mabomba ya chuma, cha kumkinga dereva gari likipinduka, nami nilikionea fahari. Kesho yake Tausi, mwenye gari, angelichukua kwenda nalo kwenye mashindano ya barabara za vumbi. Jioni alipita gereji, akakigonga kwa ufunguo, akacheka.

"Kaka, hiki si cha kuku? Nitatagia humu?"

"Taga tu, dada. Yai halitavunjika."

Nilikuwa na hakika. Viungo vya juu nilivichomelea upande wa chini tu, maana upande wa paa hata kidole hakikupita. Nikaona vimeshika.

Usingizi uliponichukua, kukawa mchana. Fundi Shaibu yuko kiti cha abiria. Ndiye aliyenifundisha kuchomelea nilipoacha shule, na masika yaliyopita tulimzika. Ovaroli yake ni ile ile, imetobolewa na cheche kifuani. Sishangai. Kwenye kiti cha dereva ametulia kuku mwekundu.

"Mguu wa Upepo," ananiita. Jina hilo alinipa yeye, kwa kuwa sikai mji mmoja. "Umejenga?"

"Nimejenga, Mzee."

Anatoa nyundo yake ndogo. Kazi ya mtu alikuwa haitazami. Aliigonga na kuisikiliza. Anagonga bomba la pembeni, linalia kama kengele. La nyuma nalo linalia. Natabasamu. Anagonga kiungo cha juu.

Kinakohoa.

"Huyu anaumwa."

"Mkono haupiti, Mzee. Paa linazuia."

Gari linageuka taratibu, bila kishindo, na sasa tumekaa juu ya paa, sakafu iko vichwani mwetu. Viungo nilivyokuwa sivioni viko miguuni petu, vimeachama kama midomo. Kuku anataga. Yai linabingirika hadi kwenye ufa wa kiungo, linasimama ukingoni. Nabana pumzi.

"Dada wa watu atalalia hapa," anasema Fundi.

"Basi nikate paa?"

Anacheka kile kicheko chake cha puani. "Miji yote uliyozunguka, bado unawaza kwenda juu tu! Toboa sakafu. Shusha kizimba."

Gari limesimama sawa tena. Anakikandamiza kizimba kwa kiganja, nacho kinazama sakafuni kama mwiko kwenye uji. Juu panafunguka, kichwa changu kinapita, mkono wangu unapita. Nachomelea kila kiungo mzunguko mzima. Kisha tunakiinua pamoja, yeye huku, mimi kule, na matundu tunayaziba kwa vipande vya chuma. Ananiwekea yai mkononi. Lina joto.

Ko, ko, ko.

Nikafumbua macho. Kumekucha, na Tausi amesimama dirishani na ufunguo wake, helmeti kwapani.

"Kumbe kuku ni wewe!"

Sikucheka. "Dada, gonga pale juu. Halafu gonga bomba la pembeni."

Akagonga kote kuwili. Akarudia kule juu.

"Mbona huku kunakohoa?"

Miguu ya kizimba nilikuwa nimeishikiza tu sakafuni, niimalizie asubuhi hiyo; ingeachia upesi. Nikachukua chaki, nikachora duara kwenye sakafu ya gari lake kuzunguka kila mguu.

"Leo huondoki nalo," nikamwambia. "Nimeagizwa nilitoboe."

Akaweka helmeti chini. Nikawasha grainda.