Mhina Alipoambiwa Yeye Si Mhina

Mhina alisimama mbele ya akida, mchana kweupe, uwanjani kwa baba yake mzazi, akaambiwa yeye si Mhina.

Wazee wote wa Sindeni waliokuwa pale walimjua tangu anatambaa. Hakuna aliyefungua mdomo.

Wakuu, hapa hakuna jini wala uchawi. Haya yalitokea kwetu Handeni enzi za Mjerumani, na aliyebaki na kidonda ni mwanamke mmoja aliyeitwa Hamisa. Tulieni niwape yote.

Hamisa alifiwa na mume mapema, akarudi kwa kaka yake Semboja na kitoto mgongoni. Kitoto kiliitwa Mdoe. Semboja ndiye aliyekuwa jumbe, mkuu wa kijiji chetu cha Sindeni.

Hata matanga ya mumewe hayajasahaulika, mke wa Semboja naye akafa kwa uzazi, akaacha kichanga. Kichanga hicho ndicho Mhina.

Nani amnyonyeshe? Hamisa huyo huyo.

Wale watoto walinyonya ziwa moja, wakalala mkeka mmoja, wakaugua surua pamoja. Mgeni akiuliza yupi wa Hamisa, wenyeji walicheka tu.

Basi siku moja akida, mkubwa wa majumbe wote, akaja kutoka Korogwe na askari wake. Amri ilikuwa fupi. Serikali inataka watoto wa shule, na majumbe watangulie kuonyesha mfano. Semboja amtoe mwanawe Mhina.

Kijiji kikapagawa!

Huyu anasema watabatizwa kwa nguvu. Yule anasema watapelekwa Ulaya. Mwingine anaapa kabisa kwamba watafanywa askari, waje kuwacharaza baba zao. Katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona hiyo shule.

Hamisa alimfuata kaka yake jikoni alikokuwa anaota moto.

"Kaka, kule Korogwe kwenye reli wapo waliokwisha kupeleka watoto. Twende tukawaulize kwanza."

"Tuulize nini?"

"Tujue tunaogopa kitu gani."

Semboja akacheka kwa dharau. "Moto nao huulizwa kama unaunguza?"

Siku ya kuchukuliwa watoto, alimtuma Mhina shambani kuamia ndege wasile nafaka. Akida akaita, "Mhina bin Semboja!" Semboja akamshika Mdoe mkono, akamsukuma mbele.

"Huyu hapa, bwana."

Hamisa alitaka kupiga yowe, kaka yake akamvutia nyuma ya ghala.

"Nyamaza! Mimi ni mjomba wake. Mtoto wa dada ni wa mjomba. Hilo hukufundishwa?"

Kwetu Uzigua ya wakati ule hilo lilikuwa neno zito. Mjomba alikuwa na sauti kuliko hata baba. Mwaka wa njaa aliweza kumtoa mpwa wake kwa mtu mwenye nafaka, na watu wakaona ni sawa. Hamisa hakuwa na mume, hakuwa na shamba, na paa lililokuwa juu yake lilikuwa la Semboja. Akanyamaza. Kunyamaza huko kulimtesa mpaka anaingia kaburini.

Wazee wengine walipoona jumbe amefanya hivyo, wakapata njia. Huyu akatoa yatima, yule akatoa mtoto wa mtumwa wake. Sindeni nzima hakuna aliyempeleka mwana wa kumzaa.

Hamisa hakuvumilia. Alifunga unga kwenye kitambaa, akatembea mpaka Korogwe.

"Namtaka mwanangu Mdoe," alimwambia mwalimu.

"Hapa hakuna Mdoe, mama."

Na huku anamwona kwa macho yake! Amekaa na wenzake, anaandika herufi mchangani kwa kidole. Mtoto akaomba ruhusa, akaja mbio.

"Shikamoo mama. Usiniite Mdoe. Siku ya kwanza niliitika jina langu, nikachapwa, nikaambiwa nimedanganya."

Hamisa alilia hapo hapo barabarani. Mtoto akamfuta machozi kwa kiganja chenye mchanga.

"Mwambie Mhina ninamtunzia jina lake," akasema.

Baadaye walimpandisha treni, akaenda kuendelea na masomo Tanga. Miaka ikapita.

Sasa oneni dunia ilivyo. Ile shule waliyoikimbia ndiyo ikawa neema. Waliosoma wakawa makarani na walimu, wakavaa kanzu safi, wakaitwa bwana. Yatima wa watu wakarudi wakubwa, na wana wa wazee wakabaki kushika jembe na kuitwa kufagia barabara. Wazee walijuta, lakini wangemlalamikia nani?

Mdoe akawa karani wa akida mpya, mtu wa pwani asiyemjua mtu yeyote kwetu. Semboja hakuwa na haya. Akapita akijigamba, "Karani yule ni mwanangu!" Mhina, mwanawe wa kweli, alisikia hayo akiwa analima, na hakuwa na kinyongo. Ndiye aliyekuwa akimchotea Hamisa maji mgongo ulipoanza kumsumbua.

Kisha vita vya Mjerumani na Mwingereza vikaja.

Serikali ikataka wapagazi. Kila nyumba itoe kijana mmoja akabebe mizigo ya askari. Walioondoka mwanzo hawakurudi, kwa hiyo safari hii kila mtu alijua maana yake. Waliosamehewa ni wenye kazi za serikali tu.

Akida akafika na karani wake. Karani alimwamkia mama yake kwa heshima, akafungua daftari lake.

"Jumbe, nyumba yako inamtoa nani?" akida akauliza.

Semboja akatabasamu. Alijiona mjanja kwa mara ya pili.

"Mimi nina mwana mmoja tu, bwana. Mhina. Na ndiye huyu karani wako. Nyumba yangu imekwisha kutoa."

Karani akainua macho. "Kweli, baba," akasema taratibu. "Lakini kazi yangu inanisamehe mimi tu, si nyumba nzima. Na yule kijana aliyesimama mlangoni ni nani?"

Hapo kimenuka.

Semboja akamtazama kijana, kisha akida. "Yule ni... ni Mdoe. Mtoto wa dada yangu."

"Baba!" kijana akapiga kelele. "Mimi ni Mhina!"

Akida akakunja uso. "Kuna akina Mhina wangapi hapa? Nani ananidanganya?" Askari akaanza kukung'uta kiboko chake.

"Mama yake yupo," karani akasema. "Aulizwe yeye."

Wazee, ambao nao walitoa watoto wasio wao, waliogopa kufichuliwa; watu wote wakamgeukia Hamisa.

Akisema kweli, mwanawe atavuliwa kanzu kwa kutumia jina lisilo lake na kubebeshwa mzigo yeye, na kaka yake atafungwa minyororo. Akisema uongo, anaondoka Mhina. Wote wawili aliwanyonyesha.

"Huyu ni mwanao?" akida akamuuliza, akimwonyesha kijana wa mlangoni.

"Ndiyo, bwana. Ni mwanangu."

Hakudanganya, na ndiyo sababu neno lile lilimchoma.

Karani akamgeukia Semboja. "Mtoto wa dada ni wa mjomba. Mjomba, mtoe."

Na Semboja akamshika mwanawe mkono, vile vile alivyomshika Mdoe siku ile, akamsukuma mbele. Mhina hakumtazama baba yake.

"Shangazi?" akauliza.

Askari walipokwisha kuwafunga vijana kamba na kuwaondoa, karani alibaki nyuma, akapiga magoti.

"Mama, nimekulipizia."

"Umemlipiza nani?" Hamisa akamjibu. "Aliyekutoa amekaa pale kibarazani. Uliyemwondoa, siku ile alikuwa shambani anaamia ndege."

Mhina hakurudi. Hata mahali alipoangukia hapajulikani.

Tangu hapo Hamisa hakumwita tena mwanawe Mdoe. Alimwita Mhina, kama serikali ilivyomwita. Mtu akiuliza habari za Mdoe alijibu, "Mwanangu Mdoe alikwenda vitani."

Karani aliishi sana, akaoa, akazaa. Mwanawe ndiye babu yangu. Vyeti vyangu vyote vimeandikwa Mhina, jina la mtu ambaye tulimla sisi.

Semboja hakuwa na akili ndogo, wakuu. Kosa lake ni kudhani tatizo likisukumwa kwa asiye na mtetezi limekwisha. Lilikwenda, likasoma, likarudi na kanzu.

Na lilikuwa tatizo gani hasa? Woga wa kitu ambacho hakuna aliyekwenda kukitazama. Hamisa alisema mapema waende wakaulize. Korogwe haikuwa mbali.