Miti Ishirini na Sita ya Wifi Moshi

Nianze na hili, usije ukasema baadaye nilikuficha: aliyemuuza wifi yangu ni mume wangu. Haya, nimeshasema, limetoka. Sasa tuzungumze habari za wifi mwenyewe, maana yeye ndiye mtu wa maana hapa, huyo mwingine atakuja tu kwa zamu yake.

Wifi tunamwita Moshi. Jina alilopewa alipozaliwa nadhani hata yeye ukimwita nalo atageuka nyuma kutazama unamwita nani. Ni mrina asali. Kwa miaka thelathini ameingia msituni na kamba, shoka na kijinga cha moto, na akirudi, moshi unafika mlangoni kabla yake. Siku ya harusi yangu alinikumbatia nikapiga chafya tatu mfululizo mbele ya wageni. "Pole, wifi," akasema. "Haya ndiyo manukato ya ukoo wetu, utazoea." Na kweli nikazoea, mpaka shuka zangu akizikunja yeye nilikuwa najua.

Alikuwa na mizinga ishirini na sita, kila mmoja kwenye mti wake, yote kaachiwa na baba yake au kaitundika mwenyewe. Akirina hatoi masega yote. Nusu anawaachia nyuki, na ole wako umwambie aongeze kidogo. "Wewe ukija kwangu ukakuta nimefagia chungu chote, utarudi?" ndivyo alivyokuwa akijibu. Na kabla hajatundika mzinga wowote, anauzunguka mti, anaugonga shina kwa mgongo wa shoka, kisha anaweka sikio. Mti wenye uwazi ndani hautaki, kwa sababu upepo ukija unaanguka na mzinga wake. Akisikia mti umejaa, anaupiga makofi mawili matatu na kusema, "Huyu mzima." Yeye miti yote ni huyu na yule.

Jambo la pili unalopaswa kujua kuhusu warina: mti hauonyeshwi. Mke hamwonyeshi mume, mume hamwonyeshi mke. Mrina mwenye mizinga yake kusini atatoka nyumbani akielekea kaskazini mchana kweupe, na watu wote watamsalimia wakijua kabisa anawazungusha. Ukimwuliza anakwenda wapi atakwambia, "Hapo tu." Mtu mmoja peke yake ndiye huonyeshwa, siku miguu ya mrina ikichoka, ili mizinga isibaki yatima. Baba yao alimwonyesha Moshi. Mzee yule alipanda mpaka akiwa na miaka sabini. Mwishoni magoti yalikataa, akapigilia vyuma kwenye mninga mmoja mkubwa, vya kukanyagia, na huo mti mmoja ndio aliobaki nao.

Moshi hakujaliwa mtoto. Siku moja tukichambua maharage kwangu akanitupia hivi hivi, "Miguu yangu ikikataa, nitakuonyesha wewe."

"Mimi? Wee! Mimi naogopa hata nzi."

"Nzi hana asali," akasema, akaendelea kuchambua. Mimi nikabaki nimeshika harage moja mkononi. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini namna ile, hata mama yangu mzazi.

Sasa zamu ya mume wangu. Ni mdogo wake Moshi. Mama yao alipofariki, Moshi ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha kwa asali hiyo hiyo mpaka akatoka na kalamu mfukoni. Sisi wanakikundi tulimchagua kuwa katibu, na tangu hapo hata mimi mkewe namwita Katibu. Kikundi chetu ni cha watu wanaoishi kwa msitu bila kuumaliza: warina, akina mama wa uyoga, wachonga mipini. Tulikuwa tunahangaikia hati, karatasi ya kusema msitu ule uko mikononi mwetu, tuutunze na tuutumie. Ofisi ya misitu ikasema hati haitoki bila ramani, na ramani haikamiliki bila kuonyesha nani anatumia nini na wapi.

Warina wakanuna wote. Kila mmoja akamtazama Moshi, na Moshi akatazama dari. Katibu akamwendea dada yake mara ya kwanza, akakataliwa. Akaenda mara ya pili, akapewa asali ya kulamba na kuambiwa asalimie nyumbani. Ndipo akaja kwangu.

"Mke wangu, wewe anakusikiliza. Miti isiyo kwenye ramani haina mwenyewe. Ikiwa kwenye ramani, nani atathubutu kuigusa?"

Niliona ana akili, jamani. Nilimwona mume wangu ana akili, nikajisikia vizuri. Nikajitanda kanga, nikaenda.

Nilimkuta jikoni kwake anachuja asali kwa kitambaa, mikono yote inang'aa mpaka kwenye viwiko. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, nikaongeza na yangu. Nikamwambia, "Wifi, ukiondoka na siri yako, watakaokuja na misumeno watamwuliza nani kama hapa pana mwenyewe?"

Akakamua kitambaa taratibu. "Wewe unaamini?"

"Naamini. Si mdogo wako? Si wewe uliyembeba?"

"Sijakuuliza habari za kumbeba. Nimekuuliza kama wewe unaamini."

"Naamini, wifi."

"Basi ni kwa neno lako," akasema. "Si kwa lake."

Tulizunguka msituni siku tatu, watu wanne: Moshi mbele, mpima ramani na kifaa chake, Katibu na kopo la rangi nyeupe, na mimi na maji ya kunywa. Kila tukifika kwenye mti, Moshi alikuwa anaugonga kwanza kwa mgongo wa shoka. Mazoea tu, mizinga ilikuwa tayari iko juu. Mpima akamwuliza anagonga kwa nini.

"Nijue kama ni mzima."

Mpima akaandika: mzima. Na mti uliofuata hivyo hivyo, mzima, mzima, mpaka ishirini na sita. Nilimwona Katibu akichungulia lile daftari begani kwa mpima, anatabasamu. Nikadhani anamwonea fahari dada yake. Mimi huyu, na macho yangu mawili! Kwenye mninga wa baba, Moshi alishika chuma kimoja akasema, "Mwacheni huyu awe namba moja." Katibu akaandika moja kwa rangi, kubwa, nzuri. Mwisho wa siku ya tatu tukatia dole gumba kwenye karatasi ya mahudhurio, tukarudi nyumbani tumechoka lakini tunacheka.

Mvua zikapita. Asubuhi moja Moshi akasikia misumeno.

Nilimfuata mbio, lakini yeye hata na umri wake alinishinda. Tulikuta trekta, na vijana wenye karatasi mkononi. Hawakuwa wanatafuta. Walikuwa wanatembea moja kwa moja kutoka namba hadi namba. Mti wenye uwazi hawakugusa hata mmoja, maana kazi ya kuchagua ilikuwa imeshafanywa na mtu mwenye sikio la miaka thelathini. Mizinga ilikuwa imepasuka chini, nyuki wamechanganyikiwa wanazunguka pale juu ambapo hapakuwa tena na tawi. Moshi akasimama mbele ya msumeno. Msimamizi wao, mtu mpole tu, akauzima.

"Mama, tuna kibali. Kikundi chenu kimeridhia, tazama mwenyewe."

Akamwonyesha. Ilikuwa ile karatasi ya mahudhurio, imebandikwa nyuma ya karatasi nyingine ambayo hatukuwahi kuiona. Dole la Moshi lilikuwa mstari wa kwanza, langu wa pili, na chini muhuri wa kikundi. Muhuri ule unalala kwenye mfuko wa koti la mume wangu.

Tulikwenda ofisini, tukakalishwa kwenye benchi mpaka saa nane, tukaambiwa karatasi ziko sawa. Siku ile kwa mara ya kwanza wifi yangu hakunuka moshi. Alinuka petroli.

Katibu alikuwa safarini, kwenye mkutano. Aliporudi, miti yote ilikuwa imekwisha. Akalia. Nakwambia alilia machozi, kamasi na kila kitu. "Wametuchezea shere wote, dada. Walibadilisha karatasi. Hata mimi wamenigeuka." Moshi akaokota kamba yake, akaondoka. Mimi nikamchemshia chai. Nilimwonea huruma, eti!

Baada ya miezi miwili akaniletea meza. Alisema ni zawadi ya fundi seremala rafiki yake. Meza ya mninga, nyekundu, pana, nikashangilia nikaipanga sebuleni. Nikaing'arisha kwa nta aliyonipa Moshi zamani, nikijiona na mimi nina nyumba.

Moshi alikuja Jumapili moja mchana, mara ya kwanza tangu siku ile ya machozi. Nilifurahi mno, nikamwekea kikombe pale mezani. Katibu alikuwa kwenye kiti chake. Tukaongea habari za hali ya hewa, habari za nani anaumwa. Kisha Moshi akaipiga meza kwa kifundo cha kidole, polepole. Akainamisha kichwa. Akapiga tena.

Akaingiza mkono chini ya meza, akapapasa, mkono ukasimama.

"Wifi, lete mkono wako."

Akaushika akaupeleka pale chini. Kulikuwa na kitu cha baridi, cha duara, kimekatwa usawa na ubao. Kando yake, kiasi cha hatua ya mguu, kingine. Fundi alikuwa ameugeuzia chini upande ule wenye vyuma vya mzee.

Katibu akasimama. "Dada, mti ulikuwa umeshaanguka, wakanipa kipande kidogo kama shukrani, nikaona angalau tubaki na kumbukumbu ya baba..."

"Shukrani ya nini?" niliuliza mimi. Akaanza tena habari za baba.

Moshi hakumtazama hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Ulijua?"

"Wallahi wifi, sikujua."

"Nakuamini," akasema. "Lakini jikoni kwangu ulikuja wewe."

Akaacha chai yake akaenda.

Katibu siku hizi anakaa mjini, nilimtupia nguo zake na koti lake na muhuri wake, na meza nikaitoa uani. Kuichoma nimeshindwa. Kila nikishika kiberiti naviona vile vyuma. Kikundi kimevunjika. Lakini kuna watu wananiambia Moshi ameanza tena, kwamba kwake kunasikika akichonga mizinga.

Jana nilikutana naye njiani, kamba begani, kijinga mkononi. Anachechemea. Mguu wa kushoto anauburuta kabisa, na wala hauonekani kama utapona. Nilimsalimia, akaniitikia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani.

"Wifi, nikusaidie kubeba? Unaelekea wapi?"

"Hapo tu," akasema, akashika njia ya kaskazini.